Tundu la Tano

Swali lililoninyima usingizi kwa majuma saba lilikuwa moja tu: yule askari alikuwa anatania, au hakuwa anatania?

Ilikuwa Kampala, miaka ile ya utawala wa kijeshi, wakati sukari ilikuwa imegeuka kuwa habari ya kunong'onezana. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nina shahada, nina kazi ya ukarani katika wizara moja, na nina tumbo. Shahada niliipata kwa jasho. Tumbo sikujua lilitoka wapi. Nilikuwa nimekaa tu, nikainama siku moja kufunga viatu, nikalikuta.

Nilipanga chumba Kisugu, na kila asubuhi basi letu la kwenda mjini lilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Tulishuka, tukapanga foleni, tukaonyesha vipande vyetu vya utambulisho, tukapanda tena upande wa pili. Siku hiyo aliyekuwa zamu alikuwa askari mrefu mwenye buti zinazong'aa kiasi cha mtu kujiona ndani yake, jambo ambalo sikulitaka. Alitazama kipande changu. Kisha akatazama tumbo. Alilitazama tumbo kwa muda mrefu zaidi.

"Wewe nafanya kazi gani?"

"Karani, afande."

"Karani." Alilirudia neno kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi. "Mshahara ya karani mimi najua. Hii tumbo si ya mshahara. Wewe nakula sukari ya nani?"

Foleni nzima ikaanza kutazama ardhini. Kila mtu alijua maana ya swali hilo. Vitu vilikuwa vimeadimika, na aliyevipata alivipata kwa magendo, biashara ya mlango wa nyuma, na watu wa magendo walikuwa wakichukuliwa. Kwa hiyo unene ulikuwa umeacha kuwa afya. Ulikuwa ushahidi.

Nilijaribu kueleza kwamba ukoo wetu wote ni wanene, lakini nikahofia kwamba nitakuwa nimeutaja ukoo wote. Askari akafungua mkanda wake wa jeshi, akanizungushia kiunoni juu ya shati, akauvuta na kuufunga. "Tundu ya tatu," aliutangazia umati. Akaufungua, akauvaa. "Mwisho ya mwezi ujao mimi nitafunga tena. Kama hapana ingia tundu ya tano, wewe utanionyesha duka yako."

Halafu akacheka.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kicheko kile nilikichambua kwa majuma saba. Kilikuwa kirefu, jambo zuri. Lakini macho hayakucheka, jambo baya. Lakini pia jua lilikuwa linampiga usoni, na mtu aliyepigwa na jua macho yake hayawezi kupimwa. Mama mmoja nyuma yangu, mwenye kapu la samaki kutoka Ggaba, naye alicheka. Ila siku hizo askari akicheka kila mtu alicheka, kwa hiyo ushahidi wake sikuweza kuuhesabu. Nikijiambia nipunguze mwili kwa usalama, nilijijibu: kama alikuwa anatania, akiniona nimekonda atajua kwamba nilitishika, na anayetishika ana kitu anaficha. Nikijiambia nibaki nilivyo, nililiona lile tundu la tano likinisubiri.

Jioni ile ile nilikata kamba ya katani, nikaifunga mafundo kwa kukumbuka nafasi za matundu ya ule mkanda. Asubuhi iliyofuata nilivaa kaptula yangu ya shule, nikatoka kwenda kukimbia.

Sasa niseme ukweli: kwa mtu mwenye shahada, hilo lilikuwa wazo la kijinga. Sikumaliza nyumba kumi. Waliokuwa barazani waliingia ndani na kufunga milango. Waliokuwa njiani walinitazama mara moja, wakaanza kukimbia nao. Nilipogeuka nyuma kulikuwa na watu saba. Mzee mmoja mwenye kuku kwapani alinifikia, akawa anakimbia sambamba nami.

"Wako wapi?" aliniuliza huku akihema.

"Akina nani, mzee?"

"Si hao unaowakimbia!"

"Simkimbii mtu. Nafanya mazoezi."

Alisimama ghafla, na nyuma yake wote wakasimama. Sijawahi kutukanwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja, na kwa lugha nyingi hivyo.

Aliyeniokoa alikuwa jirani yangu, sajini wa polisi aliyetoka kaskazini, aliyekuwa akiishi na mkewe vyumba viwili mkabala na changu. Alikuwa mlangoni kwake anapiga mswaki. Aliniita kwa kidole.

"Msomi. Mtu nakimbia, risasi nayo nakimbia. Na risasi hapana choka."

Nikamweleza yote: kizuizi, mkanda, tundu la tano. Alisikiliza mswaki ukiwa mdomoni.

"Alicheka?"

"Alicheka, afande."

"Alicheka namna gani?"

Nikamwonyesha. Nilikiiga kile kicheko vizuri kabisa, maana nilikuwa nimekaa nacho mchana na usiku. Sajini aliinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Aliniomba nirudie. Nikarudia. "Hii cheka," alisema mwishowe, "mimi hapana jua." Akatema povu la dawa ya meno. Jibu hilo halikunisaidia kulala.

Lakini mazoezi alinipa. Alisema kuna zoezi moja ambalo mtu analifanya palepale alipo, bila kukimbilia popote, na ambalo raia yeyote akiliona halimshangazi. Lilikuwa kichurachura. Unachuchumaa, unashika masikio, unaruka kama chura. Jeshi na polisi walilitumia kuwaadhibu watu. Yeye alinihesabia kuanzia siku hiyo, kila asubuhi, uani kwetu, akiwa na kikombe cha maji moto mkononi.

Siku ya kwanza nilikuwa kwenye la kumi na mbili nilipomsikia mwanamke analia. Alikuwa mama wa chumba cha mwisho, na nyuma yake wapangaji wote, wengine na watoto mgongoni.

"Afande, tunakuomba! Msamehe mtoto wa watu!"

"Yeye mwenyewe nataka," sajini alisema.

"Tunajua, afande. Wote wanataka. Lakini msamehe."

"Mama," nilisema kutoka chini, "ni kweli, nataka mwenyewe."

Kilio kikazidi. Mmoja alisema tayari nimeshachanganyikiwa. Mwingine alimletea sajini mayai mawili ili aniachilie. Sajini aliyakataa, lakini mkewe akatoka na kuyapokea, akasema kijana ataachiliwa afikapo ishirini. Tangu siku hiyo watu wa ua ule walinisalimia kwa sauti ya chini, na wengine waliniwekea nafasi msalani.

Upande wa chakula niliupanga kwa ukali. Asubuhi muhogo kipande kimoja. Mchana matoke kidogo na maharage. Usiku mboga. Mkate niliuacha, jambo rahisi kwa kuwa wenyewe ulikuwa umetuacha. Kila Jumamosi nilijipima kwa shangazi yangu, Kisenyi.

Shangazi alikuwa mjane, dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Ukoo wetu ulikuja Kampala zamani na misafara ya biashara kutoka pwani, na yeye alizaliwa dukani, akaolewa dukani, na akafiwa dukani. Siku hizo duka lilikuwa na rafu tupu, karatasi ya nzi, na mizani kubwa ya magunia ambayo haikuwa na kitu cha kupima. Kwa hiyo ilinipima mimi. Nilianza na kilo themanini na sita. Baada ya majuma matatu nikawa themanini na moja, na kamba yangu ikafika fundo la nne. Nilikaribia kuamini kwamba mambo ya dunia yana mpangilio.

Kisha yakasimama.

Jumamosi ya nne: themanini na moja. Ya tano: themanini na moja. Muhogo nikaukata nusu. Vichurachura nikavifikisha sitini. Kamba haikusogea hata upana wa kucha.

Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeuchora uzito wangu kwenye grafu, ofisini, kwenye karatasi ya serikali. Siku moja mkubwa wetu alisimama nyuma ya kiti changu bila kubisha hodi. Mstari unaoshuka kwenye karatasi ya wizara, miaka ile, haukuwa jambo la kumweleza mtu. Haraka niliipindua karatasi kwa nyuma, juu ikawa chini, na wino uliopenya upande wa pili ukawa mstari unaopanda.

"Nini hiki kinachopanda?"

"Maendeleo, mheshimiwa."

Alifurahi. Akarudi kesho yake na kesho kutwa kuangalia yanavyoendelea. Siku ya tatu aliweka kidole mahali mstari ulipolala. "Mbona huku yamesimama?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli.

"Hata mimi, mheshimiwa, silali nikifikiria."

Zilibaki siku kumi na tatu. Nilishaanza kufikiria kwamba labda mizani imeharibika, kisha kwamba labda mimi nimeharibika, kisha kwamba mwili wangu umejua kuhusu tundu la tano na umeamua kunisaliti. Asubuhi moja niliruka hadi la thelathini, nikakaa chini kwenye vumbi.

"Simama," sajini alisema.

"Sina faida, afande. Nachukuliwa na tumbo langu."

Alichuchumaa mbele yangu. "Niambie yote unaweka mdomoni. Kama unaandika maelezo ya polisi. Toka asubuhi."

Nikamwambia: muhogo, matoke, maharage, mboga.

"Na jioni, ukitoka kazini?"

"Napita Kisenyi kumsalimia shangazi."

"Nakula huko?"

"Hapana. Nakunywa chai tu."

"Chai ngapi?"

Nilitaka kucheka. Kwetu chai si chakula. Chai ni salamu. Hakuna anayeihesabu, kama asivyohesabu amepeana mikono na watu wangapi. Lakini kwa sababu aliuliza, nilihesabu. Kikombe cha kufika. Kikombe cha mazungumzo. Kikombe cha kuaga.

"Sukari?"

"Sitii mimi. Anatia shangazi mwenyewe. Vijiko vinne."

Sajini alinyoosha vidole, akavikunja, akaishiwa vidole. Kumi na viwili, kila siku ya Mungu. Nikaliona tumbo langu kwa mara ya kwanza, na chini ya ngozi yake nikaliona gunia.

Tukatazamana. Wote wawili tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wilaya nzima haikuwa na sukari. Mkewe sajini mwenyewe alikunywa maji moto. Mimi nilikuwa nimetoka kumwambia polisi, kwa hiari yangu, nikiwa nimekaa kwenye vumbi, kwamba shangazi yangu mjane ana sukari ya kutia vijiko kumi na viwili kwa siku kwa mpwa mmoja. Yule askari wa kizuizi hakuwa amenionea. Alikuwa amelisoma tumbo langu sawasawa. Kwa majuma matano nilikuwa naapa moyoni kwamba sina hatia, kumbe nilikuwa duka la magendo linalotembea.

Jasho likanitoka, na halikuwa la mazoezi. "Afande," nilianza, "nadhani nilikosea. Labda ni vijiko vidogo. Labda ni chumvi."

Sajini aliinuka, akajipangusa magoti. "Mimi sikuuliza kitu," alisema. "Wewe hapana sema kitu. Bado thelathini." Nilipofika arobaini na tano akaongeza, akitazama pembeni: "Vijiko nne. Na sisi hapa nakunywa maji kama ng'ombe."

Sasa kilichobaki kilikuwa rahisi kwa mtu yeyote asiyekuwa mimi: kumwambia shangazi asitie sukari. Lakini nyumbani kwa shangazi mgeni hawekewi bakuli la sukari ajitilie. Mwenye nyumba anatia mwenyewe, anakoroga mwenyewe, na anakupa. Na tangu rafu zilipoanza kuwa tupu, alikuwa amepandisha vijiko kutoka viwili hadi vinne. Nilijua kwa nini. Ilikuwa njia yake ya kusema kwamba nyumba hii haijaanguka. Kukataa kijiko kimoja kulikuwa sawa na kuzitazama zile rafu kwa sauti.

Niliandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi na sehemu tatu. Siku nne nilikwenda nayo Kisenyi, na siku nne niliimeza pamoja na chai. Siku ya tano alinyanyua kijiko, hotuba yote ikanipotea, nikafunika kikombe kwa mkono.

Shangazi alikuwa anazungumza na hakutazama. Kijiko cha sukari kilimwagika juu ya mkono wangu. Tukabaki hivyo. Kile kilima kidogo cheupe kilikaa juu ya vidole vyangu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kupumua, maana siku hizo sukari haikupanguswa.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Siumwi, shangazi."

"Umeoa bila kutuambia?"

"Hapana, shangazi."

"Basi ni maneno ya watu. Nani kakwambia nimefilisika?"

"Hakuna, shangazi. Ni mimi. Nanenepa."

"Kunenepa ndiyo imekuwa maradhi?"

Nikamweleza kuhusu kizuizi na vichurachura vya sajini. Nilieleza ovyo, nikaanzia mwisho, mkono ukiwa bado juu ya kikombe na mvuke ukiniunguza kiganja. Nilipofika kwenye mkanda alinikatiza.

"Alikufunga mkanda? Mtoto wa kaka yangu? Alikupima kama mbuzi wa Idi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na akauliza unakula sukari ya nani."

"Ndiyo."

Alichukua kisu cha mezani, akanishika kidole gumba, akaikwangua ile sukari polepole kutoka mkononi mwangu, akairudisha bakulini, punje kwa punje.

"Hujawahi kuniuliza naipata wapi."

"Sijawahi."

"Na usiniulize." Akaitia chai ile tangawizi badala ya sukari, akanisukumia. "Kunywa. Ukikunja uso nakupiga."

Nilikunywa vikombe vitatu, cha kufika, cha mazungumzo na cha kuaga. Vilikuwa vichungu kama dawa ya malaria, na sikukunja uso. Yeye alinitazama hadi tone la mwisho, akafuta jicho, akasema ni moshi. Nikiwa mlangoni akauliza, "Huyo afande anayekurusha anakunywa chai na nini?"

"Maji moto matupu, shangazi."

"Mwambie mkewe apite Ijumaa kunisalimia. Aje na kapu."

Baada ya hapo mstari ulianza kusogea, na mkubwa wetu ofisini akapata tena nuru usoni. Jumamosi ya mwisho mizani ilisema sabini na nane. Kamba ilipita fundo la tano. Lakini kamba niliifunga mwenyewe kwa kukumbuka, na kadiri siku zilivyokwisha ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nilizikumbuka nafasi za matundu vibaya. Tena niliogopa sasa nimekonda mno. Mtu aliyekonda ghafla, miaka ile, aliulizwa alikuwa amefichwa wapi. Je, kulikuwa na uzito ambao haumpi askari swali lolote? Nilikaa nikiutafuta, nikaukosa.

Kulikuwa na njia ya bondeni, kwenye mafunjo, iliyozunguka kizuizi. Wengi waliitumia. Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwezi nilisimama njiapanda na viatu mkononi, tayari kwa matope. Nikajiambia nikipita huku leo, nitapita huku kesho, na mwezi ujao, na kile kicheko kitakuwa kinanifuata hadi uzee. Nikavaa viatu, nikaenda kupanda basi.

Alikuwepo. Buti zile zile. Alichukua kipande changu, akakitazama, akanirudishia. Tumbo hakulitazama kabisa.

"Pita," alisema.

Sikupita.

"Afande, leo ni mwisho wa mwezi."

"Eeh. Na mshahara bado."

"Mkanda, afande. Ulisema utanifunga mkanda. Tundu la tano."

Nyuma yangu foleni ilivuta pumzi kwa pamoja. Yule mama wa samaki wa Ggaba, au mwenzake, alininong'oneza kwa hasira: "Wewe mwana! Umeambiwa pita!"

Askari alinitazama kama mtu anayetafuta jina la wimbo. Kisha, nadhani kwa udadisi tu, alifungua mkanda wake. Niliinua mikono kabla hajaniambia. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuvuta tumbo ndani mbele ya kioo. Wakati ule niliamua kuliachia. Alizungusha mkanda, akauvuta, akatazama.

"Tano," alisema. "Na nafasi ya kidole."

Akaanza kuufungua. Mtu mwenye akili angeshukuru na kupanda basi. Mimi nilimtazama usoni, palepale jua lilipokuwa linampiga, nikauliza.

"Afande, siku ile. Ulikuwa unatania?"

Alifikiri. Nashuhudia hilo, alifikiri kweli, mkanda ukining'inia mkononi na suruali ikiwa imeanza kumshuka.

"Mimi hapana kumbuka," alisema, akacheka kile kicheko, kirefu vile vile. "Pita."

Nikapita.